Jembe la Bundala Lilivyokaa Hewani

Kabula mwanangu,

Sikuulizi hali kwa sababu nakusikia. Uko hapo uani, mama yako anakunyoa, na mnacheka mpaka fundi baiskeli wa jirani ameacha kazi anasikiliza. Nimemsikia mama yako akisema, "Kumbe kichwa chako kina kona, Kabula, miaka yote nywele zilikuwa zinatuficha." Na wewe ukamjibu, "Nimerithi kwa baba mdogo." Hilo nalo nimelisikia. Kichwa changu hakina kona. Kina mawazo, na mawazo yakijaa yanasukuma mfupa.

Kesho asubuhi, binti yangu, unapanda basi stendi ya Nyegezi kwenda kambini kuanza jeshi. Nimekaa mlangoni pa karakana yangu, jua bado liko juu ya paa la msikiti, nikuandikie sasa hivi. Kesho stendi itakuwa na wapiga debe, na mimi nikianza kusema nataka watu wote wasikie, basi litaondoka sijafika katikati. Usiucheke mwandiko. Niliishia darasa la tano, tena si kwa ujinga. Mwalimu alisema mengine nitayaona mbele. Nimeyaona.

Habari za sabuni, soksi na kuamka mapema sizigusi. Mama yako ameshazisema mpaka mbuzi wetu anajua soksi hufuliwa jioni. Mimi nina jambo moja tu, na ni jambo ambalo wewe hulijui ingawa ulikuwa katikati yake. Siku ya kumbukumbu ya kaka yako, ulipolirusha lile jembe, wewe ulikuwa unalitazama jembe. Anayerusha haoni kitu kingine, na akiona kitu kingine basi tunamzika. Mimi macho yangu yalikuwa hayana kazi, nikayapeleka kwa baba yako. Nilichokiona hakukiona mtu mwingine, na sijamwambia mtu mpaka leo. Unanijua mimi na kunyamaza. Kwa hiyo elewa uzito wake.

Ila naanzia mbali kidogo. Vumilia.

Jembe lenyewe nililifua mimi, kwa mikono hii, kutoka kwenye springi ya lori lililopinduka pale njia ya Musoma. Lori lilikuwa limebeba sukari, ndiyo maana lile jembe lilikuwa tamu mkononi kuliko majembe yote ya ukanda huu wa ziwa. Kaka yako Bundala alikuwa bado mtoto, hafiki hata kwenye mpini. Nikamwambia, "Hili litakusubiri." Akalishika, akaliinua kidogo, likamvuta chini, akacheka. Hakulia. Nikasema huyu ni mtu wangu.

Nilimfundisha mimi mwenyewe ngoma ya majembe, ya kulirusha jembe juu na kulidaka, na baba yako ndiye aliyekuwa anatupigia ngoma. Usimwone alivyo sasa, kimya kama mlango uliofungwa. Kaka yangu Maduhu alikuwa na mikono ambayo ikigusa ngozi ya ng'ombe, ng'ombe mwenyewe huko aliko anageuka. Viboko walikuwa wanatoka majini wanakuja kusikiliza. Mimi nilimwona mmoja anatikisa sikio kwa kufuata mapigo. Muulize mtu yeyote wa umri wangu hapa Igoma, na akikataa basi huyo ni mgeni.

Mimi nilikuwa manju, mwimbishaji na kiongozi wa kikundi chetu cha Chapa Udongo, na nilikuwa narusha jembe juu sana. Nakiri kwamba nilikuwa hodari kupita kiasi. Siku moja nilirusha likarudi na manyoya ya mwewe. Kwa hiyo Bundala nilimfundisha urefu. "Juu, baba, juu zaidi, watu wamekuja kuona juu." Yeye akawa ananisikiliza kwa adabu, kisha anarusha kwa kiasi chake, anasimama palepale, anadaka. Mimi nilikuwa narusha kisha nakimbia huku na huku nikilitafuta, watu wanapiga vigelegele. Yeye nyayo hazihami. Nikamkasirikia. Nikamwambia unaniaibisha, unarusha kama mtu anayetupa maganda ya muhogo.

Akaniambia, "Baba mdogo, kurusha kila mtu anaweza. Mimi najifunza kukaa chini yake."

Alikuwa na umri gani? Ndevu hana. Nikamwambia anyamaze asinifundishe kazi yangu. Lakini nikuambie kweli, Kabula, nimefundisha vijana wengi, wote niliwapa maneno, na huyo ndiye peke yake aliyenipa mimi. Nimelizungusha neno lile miaka yote na bado sijalimaliza.

Alipokwenda jeshini, mkufunzi wa gwaride alimpa bunduki siku ya kwanza kujifunza kuizungusha. Wenzake wanaangusha, wanajikanyaga. Bundala akaizungusha, ikapita nyuma ya bega, ikarudi, ikatulia. Mkufunzi akamuuliza, "Wewe umesomea wapi?" Akajibu, "Shambani, afande." Akakimbizwa uwanja mzima kwa kudhaniwa ana mzaha. Hii hadithi alinisimulia yeye, na yeye hakuwa mtu wa kuongeza. Mimi nimeongeza kukimbizwa tu, kwa sababu naona lazima alikimbizwa.

Unakumbuka alivyokuwa akija likizo anakupigisha kwata hapo uani na fagio begani. "Kushoto geuka." Unageuka kulia, unamgonga kuku. Baba yako alikuwa anakaa kwenye kigoda, anatazama, anajifanya anachonga mpini. Siku hizo alikuwa bado anapiga ngoma.

Kisha Bundala akapelekwa Kongo kulinda amani. Wiki ile ya kuaga alikutana na Ngusa, manju wa Radi ya Busisi, wale wapinzani wetu wa ng'ambo. Ngusa akamwambia, "Nenda, nenda, tutapumzika kidogo." Bundala akasema, "Nikirudi tunawazima." Ndiyo maneno yake ya mwisho katika mambo ya ngoma, na Ngusa mwenyewe ni shahidi.

Hakurudi akiwa hai. Jinsi ilivyokuwa nilisikia kwanza kwa watu, na kabla wiki haijaisha mimi nilikuwa na hadithi ya bonde zima la maadui na Bundala peke yake. Halafu dereva mmoja aliyekuwa naye huko akaja, siku ya kumbukumbu, anachechemea, akakaa na sisi chini ya turubai, akaisema kwa maneno machache kabisa. Msafara wao ulishambuliwa barabarani. Bundala alikuwa ameshateremka, yuko salama kwenye mtaro na wenzake. Dereva alikuwa amenasa ndani ya gari. Bundala akarudi, akamtoa, akamsukumia mtaroni, na yeye akapigwa kabla hajaingia. "Nilimwambia aniache," dereva akasema. "Akaniambia tulia, nakuvuta."

Basi. Mimi nina hadithi ya mamba, nina hadithi ya dhoruba pale karibu na Ukerewe, nina ya mkuu mmoja mkubwa aliyenipa mkono akauacha mkononi mwangu mpaka walinzi wakakohoa. Siku ile nilizimeza zote. Sikuwa na cha kuweka mezani mbele ya ile. Tulia, nakuvuta. Mtoto wetu huyo. Hakuhama chini yake.

Baada ya maziko baba yako alilichukua jembe, akalipachika juu kwenye boriti za ghala, akasema hakuna wa kulishusha. Ngoma yake akaigeuza uso chini, kuku wakawa wanatagia. Na ulipokuja wewe na habari kwamba umechaguliwa kwenda jeshini, unakumbuka. Alikuwa anakula. Akanawa mikono, akasema, "Nimetoa mmoja. Sitoi wa pili." Akaondoka. Mama yako akalia, wewe hukulia, ulikuja hapa karakana, ukaniambia, "Baba mdogo, bila yeye kukubali siendi. Sitaki kwenda kama mtu aliyetoroka." Nikakwambia utakwenda, niachie mimi. Sikuwa na mpango wowote. Mtu mwenye sauti kubwa hapati muda wa kupanga. Kitu pekee nilichokuwa nacho ni jembe la pili nililolifua, zito kuliko la kaka yako, nikaanza kukufundisha nyuma ya karakana jioni baba yako akiwa na ng'ombe, ili angalau mikono yako iwe na kazi. Na wewe nawe, miezi yote ile, nyayo hazihami. Nikakwambia juu, Kabula, juu. Ukarusha juu, tena bila kuhama. Nikaona sasa hapa pana mtu ambaye amechukua changu na cha kaka yake akaviweka pamoja, na nikajisifu kimyakimya, kitu ambacho sijawahi kufanya.

Mwaka ulipotimia tangu maziko, jeshi likaleta habari kwamba Kapteni na askari wachache watakuja kuweka shada kwenye kaburi. Baba yako alitaka sala na uji, basi. Nikamfuata zizini.

"Kaka, Bundala hakuwa mtu wa uji."

"Malale, niache."

"Mtu wa ngoma anakumbukwa kwa ngoma. Alisema akirudi tutawazima Radi. Amerudi. Yuko hapo nyuma ya nyumba."

Akamfungua ndama. Kisha akasema, "Wewe ndiye manju. Mimi sipigi." Nikachukua hiyo kuwa ruhusa, nikampigia Ngusa simu kabla hajabadilika.

Siku yenyewe uliona watu. Shamba la nyuma mtama ulikuwa umeshavunwa, uwanja ukawa mpana, na watu walijaa mpaka kwenye uzio wa mikatani. Mimi nasema walikuwa nusu ya Mwanza. Wengine wanasema kidogo chini ya hapo. Radi walikuja na mabasi mawili. Ngusa akateremka, kofia ya manyoya, tumbo mbele.

"Malale, shikamoo ya kushindwa."

"Marahaba, ninaipokea kwa niaba yako."

"Zamani tulikuwa tunachelewa kwa sababu ya kivuko, mnatusema. Siku hizi daraja lipo. Tumefika uji haujachemka."

"Mmefanya vizuri. Mtawahi na kurudi."

Kisha akavua kofia, akaenda kwa mama yako, akamshika mikono yote miwili akainama. Ngusa ni mtu. Nasema hilo kwenye karatasi ili siku nikimtukana ujue.

Na yule Kapteni. Mhaya wa Kagera, amenyooka, viatu unajiona uso. Nikasema leo nimepata mwenzangu wa kujisifu. Nikamkaribisha, nikamweleza kuhusu mimi. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mzee Malale, kwetu mtu wa kawaida kabisa ana shahada."

"Kwetu mtu wa kawaida ana ng'ombe," nikamwambia, "na ng'ombe hajawahi kuomba shahada."

Akacheka, tukawa marafiki. Hapo ndipo nilipokosea. Nilitakiwa kumweleza sheria zetu, badala yake nilimweleza habari za mwewe.

Wewe sheria unazijua, lakini naziandika kwa ajili ya wenzako wa bwenini, maana najua utawasomea. Vikundi viwili vikikutana vinapiga kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na watu wanakwenda kwa anayewavuta. Ngoma itakayonyamaza kwanza imezima. Imeshindwa, hata kama ilikuwa na watu wote, na itaimbwa hivyo mpaka msimu mwingine. Kuna ruhusa moja tu. Jembe likiwa hewani, ngoma zote zinasimama, zetu na zao, mpaka lidakwe. Kusimama huko si kuzima. Ni kwa heshima ya mtu aliye chini.

Sasa sikia kilichotokea, maana wewe ulikuwa jikoni, hukuona mwanzo wake. Tunapiga, wanapiga, vumbi juu, watu wanakwenda kwetu wanarudi kwao. Askari wakatembea mpaka kaburini. Mama yako alikuwa ameweka pale kofia ya Bundala ya kijeshi, na kando yake, ameegemeza lile jembe. Alilishusha mwenyewe kutoka ghalani bila kumuuliza baba yako. Kapteni akaweka shada, akapiga saluti, akavua kofia, akasema kwa sauti ya gwaride, "Tunaomba dakika moja ya ukimya kwa ajili ya marehemu."

Nikamtazama Ngusa. Ngusa akanitazama. Ngoma zinaendelea.

"Nyamaza," nikamwambia.

"Anza wewe. Wewe ndiye mwenye msiba."

"Wewe mgeni. Mgeni hutangulia."

"Kwenye chakula, Malale. Si kwenye hili."

Kapteni amesimama kichwa wazi anasubiri. Dereva yule amesimama na fimbo yake. Kapteni anadhani labda ndiyo mila, ukimya wetu una ngoma ndani yake. Nikawaza, tuhesabu pamoja, tunyamaze sawa. Nikamwonyesha Ngusa vidole, moja, mbili, tatu. Vijana wake hawakunyamaza, na wangu hawakunyamaza, kila mmoja anangoja mwenzake. Tangu vikundi hivi vianze hakuna aliyewahi kuamini vidole vya mwenzake. Na mimi nikaona nikizima leo, siku ya Bundala, mbele ya kaburi lake, wataimba kwamba Chapa Udongo walizimwa kwenye kumbukumbu ya mtu wao. Yeye alisema tutawazima. Ningefanyaje? Nikaendelea. Haki ya Mungu nilikuwa naimba na machozi yanatoka, na sijui nilikuwa naimba nini.

Baba yako akaja mpaka nilipo. "Malale, mwanangu anaombewa dakika moja."

"Kaka, nikisimama tumezima."

Akanitazama. Hakunitukana. Akageuka, akaanza kwenda nyumbani, mgongo umenyooka. Mama yako akamwita, "Baba Bundala," hakugeuka. Nami nikajua kabisa kwamba akiingia ndani, mlango ule utafungwa na wewe uko upande wa ndani. Jeshi lingebaki ndoto. Mimi na mdomo wangu tungekuwa tumeufunga.

Ndipo ukatoka jikoni. Hukuniangalia, hukumwangalia mtu. Ulikwenda kaburini, ukapiga goti kidogo, ukalishika jembe la kaka yako, ukaja nalo katikati ya uwanja. Ngusa akasema, "Binti, weka chini hilo, litakuumiza." Ukasema maneno mawili tu, tena kwa upole, "Rudini nyuma."

Ukalirusha.

Mimi nimeona majembe yakirushwa maisha yangu yote, na mengi nilirusha mimi. Sijaona lile. Lilipanda kama lina mahali linakwenda. Na likiwa linapanda, ngoma zetu zikasimama, na ngoma zao zikasimama, kwa pigo moja, hakuna aliyetangulia. Uwanja wote kimya. Nilisikia turubai likipumua. Nilisikia ng'ombe anatafuna. Kapteni, ambaye hakuelewa chochote, alisimama wima akapiga saluti tena, na askari wake wote, na dereva akaiacha fimbo ikaanguka.

Hapo ndipo nilipopeleka macho kwa baba yako.

Alikuwa amefika karibu na mlango. Ukimya ndio uliomgeuza. Akakuona chini ya jembe, wewe peke yako, maana watu wote walikuwa wanarudi nyuma, mimi nikiwemo, na Ngusa alikuwa amejificha nyuma ya mpiga zumari wake. Ule uwanja wote ulikuwa unakimbia kutoka kwako. Mtu mmoja tu alikuwa anakuja. Baba yako alikuja mbio, mtu wa miaka ile, kandambili moja ikabaki njiani. Na mikono yake ilikuwa mbele, imefunguka, viganja juu, kama ulipokuwa unaanza kutembea na yeye anakufuata nyuma uani akidhani utaanguka. Alikuja alidake yeye. Alikuwa amefika, Kabula. Alikuwa nyuma yako, ungegeuka ungemgusa. Angelidaka, na mikono ile ingeweza.

Kisha akatazama chini. Aliziona nyayo zako. Hazikuwa zimehama hata kidogo, unyayo mmoja uko kwenye shina la mtama lililokatwa, na linachoma, na hukuhama. Nikaona uso wake. Sitauelezea, sina shule ya kutosha. Lakini nilikiona alichokifanya na mikono. Aliirudisha. Polepole, kama mtu anayerudisha kitu kizito mahali pake. Akaipeleka nyuma ya mgongo, mkono mmoja ukaukamata mwingine kwenye kifundo, ukaukamata sana, mishipa ikasimama. Aliishika mikono yake isikusaidie.

Jembe likaja, likatua kiganjani mwako. Pa.

Ngoma zote zikaingia pamoja, na mama yako akapiga kigelegele ambacho mwaka mzima kilikuwa kimemkaa kooni. Watu wakamiminika kwako, wa kwetu na wa kwao, ukapotea machoni. Nilipokuja kumtafuta baba yako, alikuwa anarudi kuchukua kandambili.

Ngusa akaja kwangu, jasho, kofia imelala upande. "Leo hakuna aliyezima," akasema.

"Watu wako wapi?" nikamuuliza.

"Wote wako kwa binti."

"Binti ni wa nani?"

Akacheka mpaka akashika magoti. "Haya, Malale. Mmeshinda. Bundala ametuzima." Alisema hivyo mbele ya watu, kwa mdomo wake, na msimu huu wanauimba wenyewe huko Busisi, na daraja linauleta wimbo mpaka huku.

Kuhusu muda ambao jembe lilikaa hewani, mimi nasema dakika moja kamili. Nilimuuliza Kapteni, yeye ndiye aliyekuwa na saa. Akajaribu kusema sekunde kadhaa. Nikamwambia, "Afande, uliomba dakika, ukapewa. Unataka kusema marehemu alipunjwa?" Akafikiri, akatabasamu, akasema, "Kwenye taarifa nitaandika dakika moja ya ukimya ilizingatiwa." Kwa hiyo iko kwenye jeshi la nchi hii. Mkufunzi wako akikubishia, mwambie akaitafute.

Jioni ile baba yako alimuuliza mama yako, mimi nikiwepo, "Lile begi la Bundala, zipu yake inafunga?" Mama yako akasema inafunga kwa tabu. Akasema, "Lete." Akaipaka nta ya mshumaa, akaifungua na kuifunga mpaka ikawa inateleza. Wewe ulidhani mama yako ndiye aliyembembeleza akubali uende, na ulimshukuru, nilikusikia. Si mama yako. Wala si mimi, ingawa nitaendelea kusema ni mimi kwa watu wengine. Na jembe halikurudi kwenye boriti. Juzi nilimkuta analimia mihogo, na kuku wamehamishwa kutoka kwenye ile ngoma.

Basi mwanangu, nimesikia mashine imezimwa, naona umemaliza kunyolewa, utakuja kunionyesha hizo kona. Naharakisha. Nilitaka nikupe mafunzo makubwa ya maisha, nina mengi, lakini kila ninalolishika naona kaka yako alishalisema kwa kifupi. Huko unakokwenda utaona watu wengi wa kurusha juu, wapo kila mahali, mimi ni mmoja wao na tunapendeza. Wewe nenda na nyayo zako hizo.

Ila kesho, Nyegezi. Basi likianza kutoka, sisi tutapunga. Mama yako atapunga na khanga, mimi nitapunga mikono miwili na nitakimbia kando ya dirisha nikipiga kelele kwamba huyu ndiye binti wa dakika moja, nikupe aibu ya kutosha mpaka Shinyanga. Baba yako hatapunga. Utamwona amesimama nyuma yetu, kimya, mikono iko mgongoni. Usije ukasema amekasirika. Usije ukadhani amebadilisha neno.

Mtazame vizuri, uone jinsi alivyoishika.

Mimi baba yako mdogo,
Malale, manju wa Chapa Udongo, washindi